Kamba Aliyoishika Masanja

Siku ile naikumbuka kwa jicho la kushoto, mwanangu, maana ndilo lililoumia zaidi. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, au tuseme shule iliniacha, na kitu pekee nilichotoka nacho ni swali moja la mwalimu: utajuaje kama mwenzako anaumwa kweli, wakati huwezi kuingia ndani yake? Pale kijijini kwetu Lusu kila mtu alinichoka. Mama akisema kichwa kinamgonga, namwambia athibitishe. Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja tu, binamu yangu Masanja, na somo alilielewa kuliko mwalimu wake.

Tukaenda porini na baba mdogo kurina asali. Mimi nikapanda mtini kwenye mzinga, kamba imefungwa kiunoni na kupitishwa juu ya tawi, Masanja chini ameshika mwisho wake. Kwetu aliye juu hashuki mwenyewe, anashushwa. Baba mdogo alikuwa amesogea pembeni kukata majani mabichi ya moshi.

Nimefungua mzinga tu, mwenge wangu ukazimika. Nyuki wakatoka. Wa kwanza alinipiga jichoni, waliofuata sikuwahesabu. Nikamwambia Masanja anishushe, naumia.

"Kaka," akasema, na nilimsikia anavyojibana asicheke, "hilo mimi nitalijuaje?"

Nikadhani anatania mara moja basi. Hakulegeza. Nikamwambia tena, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi. Akasema huenda hata mimi nakisia tu kwamba naumia. Yaani maneno yangu mwenyewe, mwanangu, yananirudia kwa mpangilio uleule. Jicho likafunga. Mkono ukaanza kuteleza kwenye gome, kamba inanikata kiuno. Kicheko cha chini kikakatika, lakini sasa Masanja naye aliganda, hajui aanze na lipi, anijibu au alegeze.

Baba mdogo akatokea mbio. Hakuuliza kitu. Alimpokonya kamba, akaniteremsha polepole, akaniburuta hadi penye moshi, akaanza kunitoa miiba. Ndipo akataka kujua swali lile, alilolisikia akija mbio, limetoka kwa nani. Masanja akaninyooshea kidole.

"Ulipokuwa juu," baba mdogo akaniambia, "ulitaka ujibiwe au ushushwe?"

Mdomo ulikuwa umevimba, hata swali halipiti. Tuliporudi nyumbani, Mama aliwashukuru sana nyuki wale.

"Swali lenu mimi sikulijibu," baba mdogo akaendelea palepale penye moshi. "Nimemshusha mtu. Haya, niambie kimebaki nini cha kujibu."

Mpaka leo nakitafuta.

Nakusikia siku hizi, mwanangu, na mijadala yako ya kwenye simu. Sikukatazi kuuliza. Uliza kama kamba imeoza. Uliza kama Masanja anadanganya, ukimwona anakonyeza. Hapo shaka ina pa kukaa. Lakini yapo maswali yanayokudai kwanza upate nadharia ndipo uruhusiwe kumwonea mtu huruma. Hayo usihangaike kuyajibu, wala usijione mjinga kwa kuyaacha. Yaweke chini, ushike kamba. Mama yako alipokusikia unalia utotoni hakukaa kukisia, aliinuka.

Mungu akupe umri, mwanangu, na kila utakapopanda juu, akuwekee chini mtu asiyesubiri uthibitisho.