Niliapia Talaka kwa Ajili ya Kikombe cha Mpira

Nimeacha mke kwa mpira. Na mpira wenyewe sikuucheza mimi. Miye nilikuwa nje ya mstari, nimekaa juu ya kigogo cha mnazi natafuna njugu, na mke akanitoka njugu zingali mkononi.

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina silitaji, lakini mtu wa Wete akisoma mpaka mwisho atanijua, na acheke. Lingekuwa la mwenzangu, miye ningecheka zaidi.

Najua siku hizi watu wanaachana kwa vyama vya siasa. Mume chama hiki, mke chama kile, mpaka mkeka unagawanywa. Lakini hao angalau wana hotuba ya kuwatetea. Mimi nna nini?

Kazi yangu ni ushoni. Skuli nilifika darasa la tano, hesabu zikanishinda, nikakaa kwenye charahani. Kibarazani kwangu ndipo watu wanapokuja kuzungumza mpira, na mzungumzaji mkubwa ni mimi. Nani atafunga, nani atafungwa, golikipa gani ana mikono ya siagi, yote utayapata kwangu huku nakutilia upindo suruali yako. Nikipatia, nasema mwezi mzima. Nikikosea, nasema refa.

Basi yakaja mashindano ya kikombe, yale ya ukifungwa mara moja unakwenda zako nyumbani. Kojani nao, wavuvi wa kisiwani, wakaandikisha timu. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

"Watu wamezoea kusimama ndani ya mtumbwi," nikasema, "nchi kavu watakimbia vipi? Wale watakaa katikati ya uwanja tu, wakiogopa kusogea pembeni wasije wakazama."

Kibaraza kizima kikacheka, ila Faki. Faki ni rafiki yangu tangu tulipokuwa chuo cha Kurani tukipigwa kiboko kimoja.

"Taratibu, yakhe," akaniambia. "Mkeo wa wapi?"

Mke wangu, Mize, ni wa Kojani. Na senta fowadi wao, Hamad, ni kaka yake, tumbo moja.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa hupoteza breki. Nikasimama na mkasi mkononi, nikasema: "Wallahi, Kojani wakikichukua kikombe hiki, Mize nimemwacha."

Hakucheka mtu. Mzee mmoja akaokota kofia yake, akavaa viatu, akaenda zake bila ya kuaga.

"Lahaula," Faki akasema. "Umesema nini wewe?"

"Nimesema hawachukui."

Mechi ya kwanza wakashinda. Nikasema bahati. Ya pili wakashinda mabao matatu, mawili ya shemeji yangu. Nikasema wenzao wametoka mikarafuuni, wamechoka. Lakini kinywa kilisema hivyo, miguu haikukubali. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Kanzu ya mtu nikaishona mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mwenyewe alipolalamika nikamwambia ndiyo mtindo wa Unguja.

"Una nini wewe?" Mize akaniuliza. "Kama mtu aliyekalia siafu."

"Joto tu."

Akanitazama. Akasimama pale mlangoni kitambo, kama anayengoja kitu. Kisha akarudi jikoni.

Nikamwendea shehe wetu baada ya Alasiri. Nikamwambia, shehe, kuna rafiki yangu kaapia talaka kwa jambo la mpira, je, aweza kulirudisha neno lake kabla jambo halijatokea?

Shehe akajisugua goti. "Neno likishatoka limetoka, mwanangu. Jambo likitokea, talaka imepita. Mwambie huyo rafiki yako aombe dua Kojani wafungwe."

Kojani mimi sikuwataja.

Dua niliomba, na nusu fainali wakashinda. Fainali ikawa wao na sisi, Wete, uwanjani kwetu, alasiri.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana aibu haijesha. Siku ya mechi nilinunua kuku wawili, nikampelekea Mize, nikamwalika shemeji chakula cha mchana. Nia yangu Hamad ale mpaka kiuno kigome. Hamad akaja, akakaa mkekani. Mize akamwekea kaka yake kikombe cha chai na machungwa mawili yaliyomenywa. Kuku wote wawili akawasukuma mbele yangu.

"Mpira hauchezwi na tumbo zito, kaka," akasema. "Mwenye kula ni huyu. Yeye anakwenda kukaa."

Nikala. Ningefanyaje?

Uwanjani nilishangilia Wete mpaka sauti ikakauka. Wasiojua wakanisifu, wakasema huyu ndiye mtu anayeupenda mji wake. Mimi nilikuwa nashangilia kitanda changu na sufuria zangu. Bila kwa bila, bila kwa bila, mpaka refa akaanza kutazama saa. Nikanunua njugu, nikajiambia imepita.

Hamad akaupata mpira. Akampita beki, akamlaza golikipa, akausukuma ndani kwa upande wa mguu, polepole, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Wenzake wakamrukia. Yeye hakuruka. Aligeuka akanitazama mimi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mize kashavaa buibui, kakaa juu ya kasha lake la harusi, nje ya mlango.

"Mize," nikasema.

"Hunipi hongera?" akaniuliza. "Kojani wameshinda."

Hamad akaja na vijana wenzake, bado wamevaa bukta, tena bukta nilizozishona mimi, wakalibeba kasha. Wakaenda nalo pamoja na kikombe.

Kesho yake nikarudi kwa shehe. Ananiona tu: "Rafiki yako hajambo?"

Nikamweleza ukweli wote. Akaniuliza nimetamka talaka ngapi. Nikamwambia moja. "Mshukuru Mungu ulimi wako ulichoka mapema," akasema, na akanieleza kuwa maadamu Mize yumo edani, siku za kungojea hazijesha, naweza kumrejea. Nikatamka pale pale, mbele yake: nimemrejea mke wangu.

"Maneno hayo yamemrudisha kwenye ndoa," akasema shehe. "Kumrudisha nyumbani, panda chombo."

Nikavuka Kojani. Watoto walinisindikiza tangu pwani, wakiniuliza kama nimeleta kuku. Nilimkuta Mize uani kwao anasuka ukili wa mkeka. Akanikaribisha kwa heshima, akanipa maji. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye ukili wake:

"Nimesikia umenirejea. Kuniacha, uliniacha kibarazani na mimi sipo. Kunirejea, umenirejea kwa shehe na mimi sipo. Mimi nipo lini?"

Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ile ile. Mke wa Faki aliniambia kabla wewe hujavua viatu. Nikakungoja. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nakungoja uje uniambie, Mize, nimekosa. Ungeniambia, ningemwambia Hamad ajitie kuumwa mguu, na angenisikia. Ulichoniletea ni kuku." Akaukaza ukili. "Hamad alipokwisha kunywa ile chai, alinifuata jikoni akaniuliza afanyeje. Nikamwambia, funga."

Nikamuomba turudi wote. Akanambia: "Nenda. Nikitaka kuja, njia naijua."

Basi ndugu zangu mnaopenda mpira, bishaneni. Apieni embe, apieni kofia, apieni hata kuku. Mke msimtie golini. Na aliyekwisha kuropoka asizunguke kwa shehe na sokoni kama mimi. Aende jikoni kwake, aseme.

Sasa ni wiki ya tatu. Kila mashua ikitia nanga naacha charahani naenda kutazama, narudi, nakaa, nasimama tena. Kibarazani watu wanauliza mechi ya Jumapili nani atashinda, nami nasema sijui, wanadhani naumwa.

Jana nilimsomea Faki haya niliyoyaandika. Akasikiliza mpaka mwisho, akavuta kigoda karibu yangu, akasema:

"Yakhe, wewe si ndiye unayeyajua mambo kabla hayajatokea? Haya, tuambie. Mize atarudi?"