Mafuta ya Nyonyo kwenye Mlima wa Makindye

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya pikipiki za polisi, pale Naguru, sikushika spana hata moja. Sajini mkuu wa karakana, mtu wa kaskazini mwenye sauti ya chini, alinisimamisha mbele ya makopo ya mafuta akaniambia nifumbe macho.

"Nusa," alisema. "Fundi ya macho peke yake iko fundi nusu."

Nilinusa mpaka kichwa kikauma, na ndivyo nilivyojifunza. Injini ya mipigo minne hubeba mafuta yake tumboni, na mara nyingi mafuta hayohayo huogesha klachi. Ukikosea kuchagua, klachi inateleza, injini inalia na pikipiki haiendi. Shokapu za mbele hutaka mafuta mepesi ya peke yake. Injini ya mipigo miwili hudeka: mafuta yake huchanganywa na petroli tangini, yakaungua pamoja nayo. Yakiwa mabaya, pistoni hukwama na mwendeshaji huruka.

Sajini alikuwa na sheria ambayo sijaiona kwingine. Fundi aliyechagua mafuta hupanda nyuma ya mwendeshaji safari ya kwanza, mlimani. Tulikuwa waangalifu ajabu.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya jeshi, Makindye. Ulikuwa utawala wa wanajeshi, maduka yamebaki rafu tupu, na mafuta ya injini yakaadimika. Mkuu wangu mpya, Kapteni wa usafiri, alikuwa na pikipiki ya mipigo miwili aliyoipenda kuliko chakula.

"Mimi iko mbele ya parade," aliniambia. "Pikipiki ikikufa, wewe utaingia ndani. Kutoka, mimi hapana jua."

Niliogopa, sifichi. Siku zile watu waliingia ndani kweli na hawakutoka. Wenzangu wakanishauri nitie mafuta ya kupikia. Nilikataa, maana yakiungua huacha gundi kwenye pistoni. Ndipo nikakumbuka Sajini akisimulia kwamba waendeshaji wa mashindano walitumia mafuta ya nyonyo. Nikateremka Namuwongo, karibu na reli, kwa mama mmoja wa Kikongo aliyeuza sabuni na dawa za tumbo. Nikaomba chupa zote za nyonyo alizokuwa nazo.

"Batoto yako ni wangapi?" akauliza.

"Ni ya pikipiki, mama."

"Nayo tumbo imefunga?"

Nilicheka njia nzima, hofu yangu mfukoni. Nilimwaga petroli yote ya zamani na kusafisha tangi, kwa kuwa nyonyo na mafuta ya madini, yale ya kawaida ya injini, hugombana yakawa ute mzito. Nikachanganya upya, nikatikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kapteni alipokuja kuijaribu, mdomo wangu uliozoea Naguru ukaropoka: "Afande, fundi hupanda nyuma."

Akanitazama. "Panda."

Tukaukwea mlima. Injini iliimba vizuri, lakini moshi ulinukia utamu hata askari wa getini wakageuza pua. Kileleni Kapteni akazima injini.

"Umeweka nini?"

"Mafuta ya nyonyo, afande. Ile ya tumbo."

Nikaanza kumuaga mke wangu moyoni.

"Mama yangu alininywesha hiyo," akasema taratibu. "Nilikimbia choo, karibu nivunje mulango. Sasa najua kwa nini hii iko mbio namna hii."

Akacheka mpaka kofia ikamcheza kichwani. Mimi nilicheka baadaye kidogo, nilipohakikisha kucheka kumeruhusiwa. Parade ilipita salama, na jioni nikala nyumbani na mke wangu. Chakula kile kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula.

Sasa nimestaafu. Waendesha bodaboda hunijia na chupa za rangi zote, wakiniuliza ipi nzuri. Nasoma kibandiko, nafungua, nanusa. Juzi mmoja hakuridhika.

"Lakini mzee, una uhakika?"

Nilitia mafuta, nikaomba kofia yake ya pili, nikakaa nyuma yake. "Twende," nikamwambia, "tupande mlima."