Waimbaji Wawili Ambao Hawakufika Same

Niliyoyaona ni haya: korongo lililoikata barabara ya Mamba, watu wenye majembe ndani yake, lori lililopita juu ya mawe waliyoyapanga, na mke wangu akiwa ameketi mbele, kando ya dereva. Niliyoyasikia ni mengine. Nilisikia kwamba waimbaji wawili wakubwa wa muziki wa dansi, mmoja wa bendi ya Dar es Salaam na mwingine aliyetoka Zaire akaweka maskani nchini, walikuwa wamepatana baada ya miaka ya kutosalimiana, na kwamba wangeimba pamoja wimbo mmoja, siku ya Jumamosi, katika uwanja wa mpira wa Same. Haya ya pili sikuyaona, wala sijakutana na mtu aliyeyaona, ingawa nimekutana na wengi walioapa. Ninaomba msomaji asiyachanganye.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mamba, katika milima ya Upare. Dhiki ilikuwa inalegea, lakini haikuwa imeondoka. Sabuni ilikuwa imerudi madukani na mitumba imerudi sokoni. Wafanyabiashara binafsi walikuwa na ruhusa ya kupanda hadi kwetu kununua tangawizi, ila hawakupanda kwa sababu ya korongo. Masika yalikuwa yameichukua barabara pale inapokunja kuelekea bondeni, yakaacha pengo ambalo hata punda alilitazama kwanza kabla ya kuamua.

Uvumi wa wakubwa hao wawili kuungana haukuwa mgeni. Redio ilikuwa moja, betri zilikuwa adimu, na penye njaa ya habari watu huzipika wenyewe. Niliwahi kuelezwa kwamba wamekwisha kurekodi kanda, nikatajiwa hadi rangi ya jalada lake. Nilipoomba kuiona, nikaambiwa imeazimwa. Kanda hiyo iliendelea kuwa imeazimwa kwa miaka yote niliyofundisha pale. Walimu wenzangu walinikumbusha kwamba lisemwalo lipo, nami niliwajibu kwamba methali ni kauli ya wengi, si ushahidi wa mmoja.

Mimi na mke wangu tulilichukia korongo lile kwa sababu yetu wenyewe. Alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Mimba iliyotangulia tulikuwa tumeipoteza njiani, akiwa amebebwa kwa machela na wanaume waliojitahidi kuliko nilivyostahili kuwadai, katika njia ya mkato inayoteremka kama ngazi. Safari hii muuguzi wa zahanati alimwambia mbele yangu, bila kuzungukazunguka, kwamba asithubutu kujifungulia nyumbani wala njiani. Ilibidi afike hospitali ya Same, na afike ameketi. Kwa kuketi alimaanisha gari. Gari lilimaanisha barabara.

Kwetu Upare kazi ya wote huitwa msaragambo. Jioni mpiga pembe hupanda mahali pa wazi mlimani, huipuliza pembe, kisha hutangaza kazi ni ipi na ni wapi: kusafisha mfereji, kuziba ufa wa ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, au kutengeneza njia. Hasemi zaidi ya hapo. Asiyefika bila udhuru hutozwa mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, na kama kanisa lake halimruhusu pombe, hutozwa kuku. Mpiga pembe wetu alikuwa kaka wa mke wangu, shemeji yangu, mtu wa utani usiokwisha. Alikwisha kuipigia pembe barabara ile. Wakaja wazee wachache na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Vijana walikubali kulipa kuku. Waliuliza barabara ni ya nini wakati magari yenyewe hayana matairi.

Ndipo akaja dereva. Alikuwa mtu wa Kigoma, aliyekata mkonge kwenye mashamba ya tambarare mpaka kazi ilipopungua, sasa akiendesha lori la mnunuzi wa tangawizi. Aliliacha lori ng'ambo ya korongo akapanda kwa miguu. Alisema kwamba tajiri wake ana matairi mapya, na kwamba kama lori lingeweza kupita, angeteremsha mizigo Jumamosi na watu wangepanda juu yake bure. Kisha akaongeza habari ya waimbaji.

Jioni hiyo shemeji aliipuliza pembe, akataja kazi, akataja korongo, na akafanya jambo ambalo mpiga pembe hafanyi: akataja sababu. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa mlangoni. Alisema anayetaka kuwaona wakubwa hao wawili wakiimba pamoja aje na jembe Jumatatu, kwa sababu hawatapanda Mamba wao, na yeye hana mabawa.

Niliona vibaya. Pembe ile ilikuwa imepulizwa kwa ajili ya maji na njia tangu kabla ya baba zetu, haikupata kupulizwa kwa ajili ya dansi, sembuse dansi la kusikia. Nilimtafuta dereva nikamhoji. Habari alikuwa ameipata kwa kondakta wa basi. Kondakta aliipata kwa abiria. Abiria alikuwa ameshuka Korogwe. Jumapili, baada ya ibada, nikaomba nafasi katika matangazo ya nje, uwanjani pa kanisa, nikayasema yote hayo kama nilivyoyapata.

"Sijampata mtu aliyeona tangazo," nilimalizia. "Msichimbe kwa sababu ya waimbaji. Chimbeni kwa sababu barabara ni yenu."

Mama mmoja mkulima wa tangawizi, aliyekuwa na watoto shuleni kwangu, alinijibu kwa upole kabisa. "Mwalimu, wewe hata mvua ikinyesha utaidai cheti."

Watu walicheka, na mchungaji alicheka. Shemeji alingoja kicheko kiishe.

"Shemeji, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Pembe imekwisha lia. Umewahi kuona pembe ikirudishwa?"

Nilikiri kwamba sijawahi. Kwa desturi yetu, msaragambo ukishaitwa hautenguliwi, hata sababu yake ikifa. Mfereji uliowahi kuitiwa watu ukachimbwa wakati mvua imekwisha kunyesha bado unaonekana hadi leo.

"Basi kama ni uongo, uongo huo utachimbiwa barabara," alisema. "Na wewe uje na jembe, la sivyo nitakutoza kuku, na nitamchagua mimi."

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kupata habari kabla sijavua koti. Aliendelea kuchambua mboga kwa muda, kisha akauliza, "Na kama wangekusikiliza, Mwalimu? Mimi ningeshuka na nini?"

Nilivua koti, nikalitundika. Nilipaswa kusema niliyoyasema, na ningeyasema tena. Lakini yeye pia alikuwa na haki ya kuuliza, na swali lake halijapata kupungua uzito kwa miaka yote hii.

Jumatatu walikuja. Sijapata kuona msaragambo uliojaa vile. Walikuja waliokwisha kulipa kuku, walikuja wa vitongoji vya juu ambao barabara haiwahusu, walikuja wanaume waliovaa mashati ya mitumba waliyoyahifadhia Krismasi. Mimi niliwataka wagawanywe kwa vitongoji, kama ilivyo kawaida. Walijigawanya wenyewe kwa waimbaji. Wapenzi wa yule wa Dar es Salaam walishika ukingo wa juu, wa yule wa Zaire wakashika ukingo wa chini, na kila upande ukaapa kufika katikati kwanza. Walizomeana mchana kutwa. Wa juu walidai mtu wao ndiye atakayeanza ubeti, wa chini wakajibu kwamba bila gitaa la mtu wao huo utakuwa wimbo wa mazishi. Wanawake walipanga mawe na kubeba changarawe kwa karai, vijana walilaza magogo ya mikaratusi, na mchana tulikula makande kutoka sufuria moja kubwa. Mimi niliwekwa upande wa chini bila kuulizwa. Alhamisi pande mbili zilikutana, na hapakuwa na aliyekubali kwamba ameshindwa.

Wapo wanaosema shemeji alijua tangu mwanzo kwamba hakuna waimbaji, na kwamba aliitaja habari ile kwa ajili ya dada yake tu. Hilo nimelisikia. Sikumuuliza, naye hakuniambia, na sasa hayupo wa kuulizwa. Uongo siwezi kuushukuru. Waliochimba ninawashukuru, mmoja mmoja, na wale ambao bado wako hai wanajua kwamba nimekwenda nyumbani kwao kuwaambia hivyo.

Ijumaa lori lilivuka kuja kwetu likiwa tupu, na Jumamosi asubuhi likapakiwa magunia ya tangawizi, na juu ya magunia wakapanda watu. Mke wangu aliwekwa mbele juu ya mto. Mimi nilisimama kwenye kipandio, nimeshika dirisha. Tulipofika korongoni dereva alisimama, akawateremsha wote isipokuwa mke wangu, nami nikabaki kwenye kipandio. Shemeji alitangulia akitembea kinyumenyume, uso kwa gari, akimwonyesha dereva kwa viganja pa kukanyaga. Jiwe moja lililia. Magogo yalizama kidogo, yakatulia. Lori lilipanda ukingo wa pili, na mke wangu akaniambia niache kulikaba dirisha, litavunjika.

Same kulikuwa na joto na upepo wa vumbi. Hospitalini walimpokea mara moja, kisha wakanituma kutafuta sabuni, wembe mpya na uzi, kwa maana siku zile mgonjwa alikwenda na vifaa vyake. Njia ya sokoni ilinipitisha stendi, kwa hiyo ninaweza kusema nilichokiona pale. Watu wa Mamba walikuwa wamejipanga kando ya barabara kuu. Basi la Dar es Salaam liliingia, wakashuka abiria, mafurushi ya mikeka na jogoo. Waimbaji hawakushuka. Muuza kanda mmoja, ambaye nadhani aliiona hasira ikianza kupanda, aliweka redio zake mbili juu ya meza, akapiga wimbo wa mmoja katika hii, akaukatiza, akapiga wa mwingine katika ile, akaendelea hivyo akiwabadilishabadilisha kama watu wanaojibizana. Watu wakaanza kucheza, na upande wa juu na upande wa chini walicheza pamoja. Wiki iliyofuata mzazi mmoja alinisimulia, akinitazama machoni, jinsi waimbaji wale walivyokumbatiana. Nilimwambia kwamba nilikuwepo. Akanijibu kwamba labda nilikuwa nimekwisha ondoka.

Nilirudi hospitalini na vitu vyangu, muuguzi akavipokea mlangoni, akaufunga mlango. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na wanaume wengine. Jioni, kabla taa hazijawashwa, kilisikika kilio cha mtoto mchanga. Jirani yangu alinipongeza. Nilimwomba asubiri, kwa sababu ndani walikuwemo wanawake kadhaa na kilio hakisemi ni cha nani. Mhudumu mmoja alipita akasema ni wangu, ni wa kike, na mama hajambo. Lakini alikuwa ametoka wodi nyingine, na alisema ameambiwa hivyo.

Kisha mlango ulifunguliwa, nami nikaruhusiwa kuingia. Mtoto alikuwa macho, amefungwa khanga ya mama yake, niliyoijua. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, ameshika bakuli la uji kwa mikono yake mwenyewe, na alikuwa akinywa.