Yago la Babu Omolo

Harufu ya yago si harufu ya tunda la kuliwa. Ni harufu ya udongo uliolowa, na ndani yake kuna kitu kichachu, kama maziwa yaliyosahaulika kwenye kibuyu. Mpaka leo nikiupita mti huo, ambao Kiswahili kinauita mwegea, na matunda yake marefu ya kijivu yananing'inia, miguu yangu husimama yenyewe nami hurudi Magunga, kwenye ua wa Dani, nyanya yangu, miaka ya tisini, mvua za masika zikikaribia kwisha. Asubuhi ukungu ulijaa bonde lote la Lambwe, na twiga wa mbuga ya Ruma walionekana vichwa tu, vikielea polepole. Kwa muda mrefu niliamini kwamba twiga hawana miguu.

Msimu huo ndipo Keya walipoanza kuja. Keya ni jina walilopewa askari wetu waliompigania Mwingereza, na hawa walikuwa wale wachache waliobaki, wakiongozwa na Mwalimu Penina, Msabato aliyestaafu ualimu akashindwa kabisa kukaa nyumbani. Walijitolea tu. Walizunguka Migori na Homa Bay wakikusanya habari za vijana waliokwenda vita vya Burma, na kila aliyepotelea huko walitaka apewe heshima yake nyumbani. Kwetu Waluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, ili asiendelee kutangatanga. Babu yangu Omolo hakurudi. Alimwacha Dani na mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yangu, na Dani akakataa katakata kurithiwa na shemeji zake, akisema hawezi kuwa mjane bila kaburi. Upande wa kulia wa nyumba yake, mahali pa kaburi la mume, hakupanda hata kunde. Sasa alikuwa amezeeka, na hofu zake alizisema waziwazi. Akilikubali yago, atakuwa amemuua Omolo kwa mdomo wake mwenyewe. Asipolikubali, siku yake ikifika atalala peke yake ardhini.

Yago la kwanza lililetwa na Mzee Chacha, Mkuria wa Kegonga aliyekuwa kombania moja na babu. Kwa ajili yake, mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Alilibeba kwenye blanketi la jeshi, akalilaza mlangoni kwa adabu. Dani alilizunguka.

"Hii si yeye," alisema. "Hii ni fupi. Bwana yangu alikuwa anainama kuingia kwa hii mlango."

"Sawa, shemeji. Tutaleta ingine."

Wakaleta lingine, Dani akasema Omolo hakuwa na kibiongo. Wakaleta nene, akasema hilo limeshiba, na Omolo aliondoka na njaa. Mzee Chacha alicheka hadi akashika kiuno, akasema wataimaliza miti ya Lambwe. Mwalimu Penina hakucheka.

"Mama, wewe unachagua yago ama unachagua bwana?"

"Nachagua bwana," Dani akamjibu, akaendelea kupepeta mtama wake.

Matunda yaliyokataliwa yalibaki nyuma ya jiko, wima ukutani. Sikuwa na mwenzangu wa kucheza naye pale nyumbani, basi nilijichukulia dogo kuliko yote, nikalivika kitambaa, nikalifunga mgongoni kwa leso. Nilikwenda nalo kisimani, nikaliimbia, nikalinyamazisha lilipolia. Jioni nililala nalo kwenye mkeka, karibu na kitanda cha Dani. Hakunikataza. Asubuhi moja niliamka nikakuta blanketi limevutwa, limelifunika lile yago mpaka shingoni, na mimi niko nje yake. Nilimnunia siku nzima, naye akajifanya haoni.

Hatimaye Keya walikuja na yago la ajabu, refu, limenyooka, limebebwa na wanaume wawili. Kaburi lilikuwa tayari, maana Mwalimu Penina alikuwa amechoka kuulizwa mazishi ni lini. Dani alilisimamisha mlangoni, akalipima kwa mkono wake. Hakupata kasoro. Akalipima mara ya pili, nikajua hana tena pa kukimbilia. Kisha akageuka, akanitazama mimi niliyesimama na mtoto wangu mgongoni.

"Leta huyo."

"Shemeji, hiyo ni ndogo sana," Mzee Chacha alisema.

"Najua. Lakini hii imelala kwa nyumba yangu. Hiyo yenu ni mgeni."

Akaifungua leso mwenyewe, akalilaza yago langu kaburini. Nilipiga mayowe. Mzee Chacha alisimama wima, akapuliza tarumbeta, na mayowe yangu yakapanda juu ya tarumbeta. Waliozaliwa pamoja na Omolo walikuwa wamekufa. Hata baba yangu hakumjua, na pale uani hapakuwa na wa kumlilia. Mimi nilimlilia mwanangu. Dani alikaa chini kando yangu, akaninong'oneza kwa Kijaluo, "Lia, lia tu, mimi sikujua pa kuanzia." Halafu akalia, kwa sauti nisiyoijua, sauti ya msichana, na Mwalimu Penina aliyekuwa na haraka akavua viatu vyake akakaa nasi.

Siku hizi naishi Homa Bay mjini, nauza samaki. Askari wetu akifia ugenini, huletwa kwenye jeneza lenye bendera, na picha zake tunaziona kwenye simu kabla watu wa kwao hawajatandika mikeka. Ni vizuri, nafurahi kwamba hakuna mama anayengoja kama alivyongoja Dani. Lakini wale wa kuzunguka vijijini kwa miguu wakiwatafutia wafu makwao, hao sijui kama wapo tena. Mzee Chacha na Mwalimu Penina wamekwenda. Dani naye amelala upande wa kushoto wa nyumba iliyoanguka zamani, na kulia kwake yupo mumewe. Huwa nakwenda kupalilia pamoja na binti yangu. Mwaka huu aliniuliza kama niliwahi kumwona babu yangu. Nilimwambia sikumwona, lakini nilimbeba mgongoni, na alikuwa mzito.