Fundi wa Keko Anayetaka Kuingia Leba

Saa mbili asubuhi, Keko, randa ya Marijani inasimama kwa mara nyingine. Simu imeita. Anajipangusa vumbi la mbao, anasikiliza, anashusha pumzi. Ni mteja, anaulizia kabati lake. Si mkewe.

"Kabati litasubiri," anasema. "Mimba haisubiri."

Mkewe, Talha, yuko mwezi wa tisa. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa Marijani akiwa barazani anakunywa kahawa. "Naletewa habari tu, hongera, mtoto wa kike. Nikaona ndo uanaume."

Mwaka jana alikwenda Komoro na mafundi wenzake wa msikitini, kujitolea kutengeneza vitanda vya hospitali moja ndogo. Alikuwa anakaza skrubu kwenye korido, mama mmoja akaingia anajikokota. Chumba cha kuzalia kimejaa, mkunga yuko peke yake. Akamlaza palepale, kwenye kitanda cha Marijani.

"Nikageuka niondoke. Mkunga akanambia, we baba, mshike mgongo. Miguu ilitaka kukimbia, ila yule mama alishanikamata mkono. Wallahi nilidhani ataung'oa."

Mtoto alitoka analia. Nje, baba yake alikuwa anazunguka uani, anamuuliza kila anayepita, "Bado?"

"Nikasema, kumbe mie ndo huyu," anakumbuka Marijani.

Tangu arudi hatulii. Mama mkwe wake, Bi Tunu, hataki hata kusikia. "Mwanamume na leba wapi na wapi? Azimie, tumwache mzazi tumpepee yeye."

Kituo cha afya atakachojifungulia Talha nacho kilisita. Muuguzi mkuu alimweleza kwa upole kuwa wodi ni moja, vitanda vimekaribiana, na wanawake wengine wana sitara yao.

Marijani hakubisha. Alisimamisha kabati la watu, akaanza fremu tatu ndefu za mbao, za kuungwa kwa bawaba na kuvalishwa kitambaa kizito, zizunguke kitanda kimoja. Muuguzi amemwambia azilete, wataona. Hakuahidi.

Imebaki fremu moja. Simu ikiita, anaruka.

Nyumbani, Talha anakunja kanga za mtoto. "Mama mwache aseme. Mie namtaka. Ila akiingia asinipe mawaidha. Anipe mkono, anyamaze."

Anaweka kanga chini, anashika kiuno.

"Uchungu umeanza tangu alfajiri. Sijampigia bado. Nikimpigia sasa, atakuja mbio aiache fremu."