Chumba Ambacho Bhavin Hakukichora

Bhavin alikuwa fundi wa kompyuta mjini Nakuru, dukani kwa baba yake, na ungemuuliza baba yake angekwambia kijana ana akili ila anazichezea. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: ule mchezo wa zamani wa kompyuta ambao mchezaji hushika bunduki akapita chumba baada ya chumba akiwapiga mazimwi risasi. Wenzake walishauchoka kitambo. Yeye aliutungia ramani mpya, akizichora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba, kisha akawatupia mashabiki wa mtandaoni wasiojua hata Nakuru iko wapi.

Mwaka wa 2007 alitoa mkusanyo wa ramani nane. Ya mwisho ilikuwa nyumba ya kina Muiruri, rafiki yake, kule Kuresoi. Tangu shule ya upili alikuwa akienda huko kila likizo, na Wariara, mama yake Muiruri, alimpikia mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwa kuwa hali nyama, akamwachia na ukoko wa sufuria. Nyumba ile Bhavin aliipima kwa hatua, sebule, jikoni, ghala la viazi, kisha, Mungu amsamehe, akaijaza mazimwi. Muiruri alicheka mpaka akashika mbavu.

Januari iliyofuata, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba ilichomwa, na picha zote ndani yake. Wariara akaishia hemani, kwenye uwanja wa maonyesho Nakuru, na tangu hapo hakutaja nyumbani hata mara moja. Mwezi wa Machi Muiruri akaja dukani.

"Boss, ile map bado uko nayo? Nataka mum aione."

Bhavin aliogopa sana, asije akamtonesha mama wa watu kidonda. Kwa siku tatu aliondoa mazimwi mmoja mmoja, akasafisha damu kutani, akahangaika mpaka na bunduki ikatoka kwenye skrini.

Wariara alikuja dukani, akaketi mbele ya kompyuta, mkoba magotini. Bhavin akamtembeza polepole: ua wa michongoma, sebule, jikoni. Mwisho wa ushoroba wakakuta ukuta mtupu.

"Na hapa?"

"Hapo ni bedroom yako, Mum," Bhavin akasema kwa haya. "Sikuwahi kuingia. Ningeingiaje?"

Nyumba nzima alikuwa ameipima, lakini mlango ule kila mara aliupita akiangalia chini, kama alivyofunzwa kwao.

Wariara alimtazama sana. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Akalivuta lile daftari la miraba na penseli.

"Kitanda ilikuwa hapa. Sanduku ya mama yangu, hapa. Dirisha inaangalia shamba ya viazi." Akachora, akafuta, akachora tena. Muiruri, ambaye hakuwa amemsikia mama yake akiongea hivyo tangu Januari, alitoka nje kidogo.

"Na mlango, Mum? Niweke imefungwa?"

"Wacha wazi, Bhavini," akasema. "Wewe sasa ingia."