Siku Mama Kalyani Alipopelekwa Parambikulam

Tangu Devaki aolewe mjini Kollengode, yeye ndiye aliyempikia mama mkwe wake uji wa mchele, akamkanda magoti kwa mafuta ya nazi na kumfulia nguo. Mumewe, Sukumaran, alikuwa mgema, mtu wa kushinda juu ya minazi, kwa hiyo bibi kizee yule alikuwa wake peke yake.

Mama Kalyani alikuwa na ombi moja lisilochuja: apelekwe msitu wa Parambikulam, akalione bwawa alilobebea kokoto kichwani likijengwa, enzi za ubibi harusi wake.

"Tutakwenda, Mama, mvua ikiisha," Devaki alikuwa akimjibu. Mvua ziliisha nyingi.

Kisha shemeji yake Bijesh, ndugu wa Sukumaran, akaja likizo kutoka Maskati na mkewe, Remya. Hata masanduku hayajafunguliwa, Remya akasema, "Mama, jiandae. Nimeshakodi gari." Mama Kalyani akatoa shuka lake jeupe lenye pindo la dhahabu, lile la kuendea hekaluni. Devaki alipoliona, akatoka kwenda kuchuma ndimu. Akaamka alfajiri kufunga wali wa ndimu kwenye majani ya migomba, ili walau chakula kiwe chake.

Kwenye lango la hifadhi waliliacha gari, na ndani ya basi la wageni Mama alikaa dirishani na Remya.

"Mwanangu Remya, ona tausi wale! Ona!"

Devaki alikuwa kiti cha nyuma na vikapu vyake. Nyati mkubwa mweusi alipochungulia kati ya miti ya misaji, yeye ndiye aliyemwona kwanza. Akainamia vikapu vyake. Nyati akarudi zake msituni, na wengine hawakujua kilichowapita.

Bwawani, Mama aliupapasa ukuta, akacheka peke yake, akaanza kumsimulia Remya jinsi msimamizi alivyomfukuza kazini kwa kuimba, na marehemu mumewe akaenda kumtafutia asali ya msituni amtulize.

"Hiyo mimi hujawahi kunisimulia, Mama," Devaki akasema.

"Hujawahi kuniuliza, mwanangu."

Mchana Remya akaagiza samaki wa bwawani pale kantini, na Mama akamla mpaka akanyonya miiba. Wali wa ndimu aliula Bijesh, tena kwa kumwonea shemeji yake haya.

Jioni walipanda chelezo cha mianzi. Waliporudi ufukweni, Mama akanyoosha mkono. "Devaki, nishike."

Devaki akageuza uso, akatazama milima kama mtu asiyesikia.

Remya akamrukia Mama, akamvuta kwa upande wa goti bovu, na wote wawili wakaanguka kwenye tope, pwaa! Bijesh akapiga yowe. Mama Kalyani akaketi palepale na shuka lake la hekaluni, akacheka mpaka machozi, Remya naye akacheka, wameshikana kama wasichana wa shule. Devaki akasimama juu yao, aibu imemjaa, na bado anaona wivu: hata kuanguka, Mama ameanguka na mwingine!

Nyumbani, Devaki alipokuwa akimwogesha Mama, aliona kiwiko kimechubuka.

"Ulinisikia," Mama akasema.

Devaki akammwagia maji mabegani taratibu. "Nilikusikia, Mama."

"Najua. Ndiyo maana nilicheka. Ningelia, Bijesh angeuliza kwa nini hukunishika."

Devaki akachovya vidole kwenye mafuta ya nazi. Akakikanda kiwiko.

"Hasira zimekwisha?"

"Bado, Mama."

"Haya. Basi usikandamize sana, kunauma."

Remya akabisha mlangoni. "Dada, nikusaidie?"

"Lete taulo," Devaki akamwambia. Alipoletewa, akalipokea kwa mkono mmoja na kuufunga mlango kwa mwingine.

Likizo ilipokwisha, Remya alilia getini, na Devaki, kwa mshangao wake mwenyewe, akamfungia chupa mbili za achari ya maembe. Lakini siku hizi kila Ijumaa simu inapolia kutoka Maskati na Mama Kalyani kuanza kucheka na ile sura ya Remya kwenye kioo cha simu, Devaki huchukua mbuzi yake, akaketi karibu kabisa na simu, akakuna nazi kwa nguvu ili huko nako wasikie kwamba yupo.